Eti Mgonjwa wa Msimu



Leo siandiki kuhusu tume ya uchaguzi wala kuhusu nani kahama chama na nani karudi. Naandika kuhusu mgongo wangu. Najua wapo watakaosema hapa si mahali pake. Nawaomba msome mpaka mwisho, halafu mniambie kama hili si la siasa.

Kuna picha moja wengi wenu mnaijua. Ilipigwa kwenye mkutano wetu wa hadhara mwaka jana. Nipo mstari wa mbele, mkono mmoja juu, mdomo wazi, miguu yote miwili haigusi ardhi. Niliipenda ile picha, nikaiweka kwenye akaunti zangu zote. Siku tisa baadaye, hosteli, nilishindwa kujigeuza kitandani. Saa kumi na moja alfajiri rumeti wangu alinishika mabega akanikalisha kama mgonjwa aliyetoka upasuaji, akanivalisha soksi na viatu. Mtihani ulikuwa saa tatu. Saa tatu nilikuwa bado nimeshikilia ukuta wa bafuni. Sikufika.

Nikaandika barua ya kuomba kuahirisha mtihani, nikaambatanisha karatasi za hospitali. Wiki tatu baadaye nikaitwa mbele ya jopo. Siku hiyo mgongo ulikuwa umetulia. Nikaingia natembea vizuri, nikasalimia, nikakaa. Mzee mmoja akanitazama kuanzia juu mpaka chini akaniuliza, "Binti, mbona wewe ni mzima tu?" Wa pembeni yake akageuza simu yake upande wangu. Ilikuwa ile picha ya mkutano.

Ombi likakataliwa. Kwenye rekodi yangu imeandikwa kwamba sikuhudhuria mtihani bila sababu ya msingi. Somo nikalirudia mwaka uliofuata.

Hilo liliniuma, ila sikushangaa. Lililonishangaza lilitoka nyumbani. Kwenye grupu letu la WhatsApp kamanda mmoja aliandika: "Huyo ni mgonjwa wa msimu. Kwenye mkutano mzima, kwenye kazi mgonjwa." Zikafuata emoji za kucheka. Wiki hiyo hiyo jina langu likaondolewa kwenye orodha ya dawati la sheria. Hakuna aliyenipigia kuniuliza. Sikumjibu siku ile. Namjibu leo, kwa heshima.

Ugonjwa wenyewe

Unaitwa ankilosingi spondilaitisi. Sisi tulio nao tunauita AS, maana jina zima linachosha kuliko ugonjwa. Ni ugonjwa wa kinga ya mwili. Askari waliowekwa kulinda raia wanageuka na kuwapiga raia haohao. Mfano huo makamanda hamhitaji kufafanuliwa.

Kipigo kinaanzia pale uti wa mgongo unapoungana na nyonga, kisha kinaweza kupanda pingili kwa pingili hadi shingoni. Sehemu zile zinavimba kwa ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Kwa wagonjwa wengine miaka ikienda mwili unaanza kujenga mfupa mpya mahali ambapo hapakutakiwa mfupa, na pingili zinashikana. Zikishikana zote, mgongo kwenye picha ya eksirei unafanana na mwanzi.

Mara nyingi huanza ujanani, kabla ya miaka 45, na wengi huanza wakiwa kwenye ishirini. Mimi nilianza nikiwa na miaka 17, kidato cha tano, shule ya bweni. Nilikuwa naamka saa tisa usiku kwa maumivu ya makalio, nazunguka kati ya vitanda mpaka yapungue. Matroni alisema natafuta sababu ya kukwepa namba. Zahanati walisema yutiai. Baadaye wakasema taifodi. Shangazi akasema ni tumbo la mwezi, nikiolewa litaisha. Mama, ambaye hakuwahi kunitilia shaka hata siku moja, alinibadilishia godoro mara mbili. Nilikuwa na miaka 21 nilipokutana na daktari aliyeniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Ukipumzika, maumivu yanapungua au yanazidi?"

Yanazidi, Dokta. Yanazidi.

Hapo ndipo penye tofauti. Mgongo ulioumia kwa kubeba ndoo ya maji unataka kupumzika. Mgongo wenye AS unakaza ukiupumzisha na unalegea ukitembea. Kama wewe ni kijana, maumivu ya chini ya mgongo yamezidi miezi mitatu, yanakuamsha usiku wa manane, na asubuhi unakaa zaidi ya nusu saa hujaweza kuinama, usiridhike na jibu la "umelala vibaya". Nenda hospitali, ukaliseme hilo la kupumzika bila kusubiri kuulizwa.

Miaka yangu minne ya kuzungushwa si ya ajabu. Hata nchi zenye hospitali za kila aina, wagonjwa wengi wamekaa kati ya miaka 5 na 10 kabla ya kuambiwa wanaumwa nini. Wanawake tunacheleweshwa zaidi, kwa sababu kwa miaka mingi vitabu viliuandika kama ugonjwa wa wanaume. Na sisi Waafrika tuna mtego wetu. Kuna kipimo cha vinasaba kinaitwa HLA-B27. Tangu mwaka 1973 inajulikana kwamba wagonjwa wengi sana wenye asili ya Ulaya wanacho kinasaba hicho. Huku kwetu kusini mwa Sahara ni adimu, hata kwa wanaoumwa. Kwa hiyo kipimo kikisema huna, ugonjwa unaweza kuwepo palepale. Changu kilisema sina.

Unapanda, unashuka

Sasa nije kwenye neno "msimu".

AS haiumi kwa kiwango kimoja. Inachachamaa, halafu inalala. Kuchachamaa kwenyewe kuna namna zake. Kuna kudogo, sehemu moja tu inauma, labda nyonga au kisigino, siku chache. Na kuna kukubwa, mwili mzima umekamatwa, uchovu kama wa malaria, usingizi hakuna, wiki nzima au zaidi. Wapo ambao jicho nalo linakuwa jekundu na kuuma, hawawezi kutazama mwanga. Katikati ya vipindi hivyo unaweza kukaa wiki au miezi ukionekana mtu wa kawaida kabisa.

Madaktari wanalijua hili, ndiyo maana walitengeneza njia ya kulipima. Mwaka 1994 wataalamu wa mji wa Bath, Uingereza, walichapisha kipimo kinachoitwa BASDAI. Ni maswali sita tu kuhusu wiki iliyopita: uchovu, maumivu ya mgongo, maumivu na uvimbe wa viungo vingine, maumivu pale unapoguswa, asubuhi ulikakamaa kiasi gani na kwa muda gani. Kila swali unajipa alama kuanzia 0 hadi 10. Mawili ya mwisho unachukua wastani wake, unajumlisha na manne ya mwanzo, unagawa kwa tano. Ukipata 4 au zaidi, ugonjwa unahesabiwa kuwa umechachamaa.

Baadaye kikaja kipimo cha pili, ASDAS, ambacho kinachanganya majibu ya mgonjwa na kipimo cha damu kama CRP. Hicho kina ngazi nne. Chini ya 1.3 ugonjwa umelala. Kuanzia 1.3 hadi chini ya 2.1 uko chini. Kuanzia 2.1 hadi 3.5 uko juu. Zaidi ya 3.5 uko juu sana. Hakuna ngazi inayoitwa "mzima" na nyingine "mgonjwa". Ni mtu yuleyule, anapanda ngazi na kushuka.

Mimi nina daftari. Kila Jumapili jioni najipa alama za BASDAI. Wiki ya mkutano niliandika 3, 2, 1, 2, na ukakamavu 4 na 2. Fanyeni hesabu: 2.2. Wiki ya mtihani niliandika 8, 9, 5, 7, na ukakamavu 9 na 7. Jibu ni 7.4. Wiki ya jopo ilikuwa 3.0. Kwa hiyo picha ya mkutano haikudanganya. Nilikuwa naruka kweli. Na rumeti wangu hadanganyi, alinivalisha soksi kweli. Kosa ni la mtu anayechukua siku moja na kuifanya ushahidi wa siku nyingine.

Nililipeleka lile daftari mbele ya jopo. Wakaniambia, "Haya umeyaandika mwenyewe." Ndiyo, waheshimiwa. BASDAI duniani kote inajazwa na mgonjwa mwenyewe. Daktari bingwa anaitumia kuamua dawa za bei kubwa. Iweje isitoshe kuamua kama nirudi kufanya mtihani?

Mnataka mfano wa mtu maarufu? Desemba 1995, Johannesburg, nahodha wa kriketi wa England, Mike Atherton, alisimama uwanjani na gongo lake kwa dakika 643, akapata alama 185 bila kutolewa, akaiokoa timu yake isifungwe na Afrika Kusini. Alikuwa na AS. Mngempiga picha siku ile, jopo langu lingesema mzima wa chuma. Lakini mgongo ulimtesa miaka yake yote ya mchezo.

Wimbi likiondoka linaacha kitu

Kuna watu wananielewa mpaka hapa, halafu wanasema: sawa, basi vumilia, si litapita? Hapana. Maumivu yanapita, ila kinachofanyika ndani wakati yanauma si lazima kipite.

Mwaka 1996 madaktari wa Uholanzi, Ubelgiji na Ufaransa walianza kuwafuatilia wagonjwa wa AS kwenye utafiti unaoitwa OASIS. Hawakuwapima mara moja na kuwaaga. Waliwapima kila baada ya muda, wakawapiga eksirei kila miaka miwili, kwa miaka 12. Matokeo yaliyotoka mwaka 2014 yalionyesha kwamba kadiri ugonjwa unavyokuwa juu, ndivyo mfupa mpya unavyoongezeka kwenye picha za miaka inayofuata. Uhusiano huo ulikuwa mkubwa zaidi kwa wanaume na kwa wale ambao bado wako kwenye miaka ya mwanzo ya ugonjwa. Wapo pia ambao picha zao hazikubadilika miaka yote. Ugonjwa hauendi sawa kwa kila mtu.

Kwetu sisi vijana hii ina maana moja. Miaka yetu ya mwanzo ndiyo miaka ya kuutuliza ugonjwa. Pingili zikishashikana hakuna dawa ya kuziachanisha. Binti akizungushwa kwa yutiai na taifodi kuanzia kidato cha tano hadi mwaka wa pili wa chuo, anachopoteza si usingizi tu. Kuna uwezekano anapoteza mgongo.

Dawa ikikatika

Matibabu yapo. Ya kwanza ni mazoezi, kila siku, hata siku ya 7.4 kwa kadiri unavyoweza, na kuacha sigara kama unavuta. Kisha dawa za kupunguza maumivu na uvimbe, kama diklofenaki, ambazo zinamsaidia mgonjwa mmoja na kumchoma tumbo mwingine, ndiyo maana zinahitaji daktari na si duka la mtaani tu. Zikishindwa, kuna sindano za kibayolojia. Hizo zinazuia kemikali za mwili zinazowasha huo moto. Zimebadilisha maisha ya watu wengi, lakini bei yake mwanafunzi wa bumu anaisikia tu.

Mwaka 2005 madaktari wa Ujerumani walichapisha kisa cha wagonjwa 42 waliotumia sindano ya infliksimabu kwa miaka mitatu na kupata nafuu. Dawa ikasimamishwa. Ndani ya mwaka mmoja ugonjwa ulirudi kwa 41. Waliporudishiwa dawa, nafuu ikarudi.

Soma tena hiyo namba. Mtu aliye kwenye dawa akionekana mzima, uzima ule umeshikiliwa na dawa. Sasa mweke mtu huyo mbele ya dirisha la duka la dawa la hospitali, aambiwe "mwezi huu haijaja", au "kifurushi chako hakina hii". Mimi nimeambiwa yote mawili, tena kwa dawa za kawaida, sizungumzii sindano. Kwa mwenye mafua, dawa kuchelewa wiki mbili ni usumbufu. Kwa mwenye AS, wiki mbili hizo zinaweza kuwa ndizo zinazobeba mtihani, usaili wa kazi au mshahara.

Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Tumeijadili sana kwa upande wa nani atachangia na shilingi ngapi. Nataka vijana wa chama hiki tuulize na swali la pili: kitita cha mafao kinamtazama mgonjwa kama mtu anayeugua siku moja akapona, au kama mtu anayehitaji dawa ileile, mwezi kwa mwezi, kwa miaka thelathini?

Sheria yetu inasemaje

Hapa niko kwenye uwanja wangu.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 haisemi popote kwamba ulemavu ni lazima uonekane kila siku. Inamtaja mtu mwenye upungufu wa kimwili, wa akili au wa hisi ambaye uwezo wake unabanwa na vikwazo vya mitazamo, vya mazingira na vya kitaasisi. Msome vizuri. Vikwazo vya mitazamo na vya kitaasisi! Yule mzee aliyesema "mbona mzima tu" ni kikwazo cha mtazamo. Jopo lililokataa daftari langu ni kikwazo cha kitaasisi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, nao unazungumzia upungufu wa muda mrefu. Hausemi upungufu usiopumzika.

Nafasi ipo kwenye maneno ya sheria. Tatizo ni kwamba hakuna sentensi inayosema waziwazi kuhusu ugonjwa unaopanda na kushuka, na panaponyamaza sheria, ofisa anajaza kwa macho yake.

Wenzetu waliliandika. Marekani mwaka 2008 walirekebisha sheria yao ya watu wenye ulemavu wakaweka kwamba hali inayokuja kwa vipindi, au iliyotulia, ni ulemavu kama pale inapochachamaa inamzuia mtu kwa kiwango kikubwa kufanya shughuli kuu za maisha. Uingereza, kwenye Sheria ya Usawa ya 2010, wameweka kwamba kama athari imekoma lakini kuna uwezekano wa kurudi, ihesabiwe inaendelea. Wakaongeza kwamba unapompima mtu usihesabu nafuu anayoipata kwa sababu ya matibabu. Yaani swali ni: bila dawa angekuwaje? Ni sentensi mbili tatu tu. Bunge letu haliwezi kushindwa kuziandika.

Nenda kwenye ajira. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa siku 126 katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Usipoleta cheti cha daktari, mwajiri halazimiki kukulipa. Kwa mtu aliyevunjika mguu, hilo linaeleweka: cheti kimoja, wiki sita, basi. Kwa mwenye AS, siku zinaondoka mbilimbili. Jumanne na Jumatano hawezi kuinuka, Alhamisi yuko kazini. Kila mara apande daladala mbili akiwa hawezi kukaa, apange foleni, alipie kumwona daktari, apate karatasi inayosema kile ambacho kimeshaandikwa kwenye faili lake tangu mwaka jana. Wengi wanaamua kwenda kazini wakiwa hivyohivyo. Mimi ningependekeza cheti kimoja cha mwaka kutoka kwa daktari anayemfuatilia mgonjwa, kikieleza kwamba vipindi vitatokea, na mgonjwa atoe taarifa tu kila kinapotokea.

Halafu Katiba. Ibara ya 11 ya Katiba ya 1977 inataja haki ya mtu kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu, na haki ya kujipatia elimu. Ukiisoma peke yake unaweza kulia kwa furaha. Rudi nyuma Ibara ya 7(2): masharti ya sehemu ile hayawezi kutekelezwa na mahakama yoyote. Yaani haki imeandikwa, mlango wa mahakama umefungwa. Majirani zetu Kenya, Katiba yao ya 2010, Ibara ya 43, imeiweka haki ya kiwango cha juu cha afya ndani ya sura ya haki za msingi, na mtu anaweza kwenda nayo mahakamani. Watu wakiniuliza Katiba Mpya inamsaidia nini mwananchi wa kawaida, siku hizi nawaonyesha mgongo wangu.

"Lakini wapo wanaodanganya"

Wapo. Nimeishi hosteli, nawajua. Wapo wanaonunua karatasi ya hospitali usiku wa kuamkia testi. Na ndiyo maana naupinga utaratibu wa sasa. Utaratibu unaopokea karatasi ya siku moja na kumtazama mtu kwa siku moja ndio rahisi kuudanganya. Karatasi moja inanunulika. Miaka miwili ya mahudhurio ya kliniki, vipimo vya damu vilivyopanda na kushuka, picha za MRI, na alama za kila wiki, hivyo havinunuliki usiku mmoja. Tukiamua kusoma historia ya mtu badala ya kumwangalia akiingia mlangoni, mwongo ndiye atakayepata shida, na mgonjwa atapumua.

Sidai upendeleo wa alama. Mtihani uwe mgumu vilevile. Nataka wakati ugonjwa umechachamaa niufanye siku nyingine, na siku za kawaida niruhusiwe kusimama dakika mbili kila nusu saa kwenye mtihani wa saa tatu. Hilo haligharimu hata shilingi.

Turudi nyumbani

Makamanda, tunadai serikali iwasikilize watu, na tuna haki ya kudai. Lakini mimi kwenye rekodi ya chuo nimeitwa mzembe na kwenye grupu la chama nimeitwa mgonjwa wa msimu, ndani ya mwezi mmoja, kwa picha ileile. Hapo tofauti yetu na wao ilikuwa wapi?

Na siko peke yangu. Nchi yetu ni miongoni mwa zile ambazo watoto wengi zaidi duniani wanazaliwa na selimundu. Wakikua wanakuwa makamanda kama sisi: wiki hii anabandika mabango, wiki ijayo amelazwa. Kuna wenye pumu, wenye kifafa, na mabinti ambao kila mwezi tumbo linawaangusha kweli. Wote hawa mmewahi kuwaona wakiwa wazima. Wote mmewahi kuwauliza "mbona juzi?"

Naomba mambo matatu ambayo hayasubiri tushinde uchaguzi. Kwanza, vikao vyetu vya saa nne mfululizo kwenye mabenchi viwe na mapumziko, na mtu akisimama nyuma ya ukumbi asiulizwe anaenda wapi. Pili, kazi zigawanywe kwa namna ambayo mtu anaweza kubadilishana na mwenzake. Dawati la sheria lina kazi za kusimama mahakamani na lina kazi za kuandika hati usiku, na mimi saa tisa za usiku huwa niko macho, mnajua sababu. Tatu, kabla ya kumfuta mtu kwenye orodha, apigiwe simu.

Kwa kamanda aliyeandika lile neno: sina kinyongo. Hukujua, na mimi sikuwa nimesema. Nilificha kwa sababu niliogopa kwamba nikisema naumwa, mtanipa kiti cha nyuma na huruma. Kumbe kunyamaza nako kuna bei yake.

Jumapili iliyopita niliandika 2.6. Leo asubuhi nimeamka na kisigino kinachovuta, kwa hiyo Jumapili hii namba itapanda kidogo. Kuna mkutano mwisho wa mwezi. Nikiwa chini ya 4 mtaniona mstari wa mbele. Nikiwa juu ya 4 nitakuwa hosteli, natembea kati ya vitanda, na hati za kesi zenu nitakuwa nimezimaliza.

Mkinipiga picha siku hiyo, sawa. Ila andikeni na tarehe.

*Mwandishi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa shahada ya sheria na mwanachama wa jumuiya ya vijana ya chama.*